Mtoto wa shule kaishiwa damu? Kabla hujanunua sirapu nyingine, tafuta kwanza inapovuja

Nianze kwa kusema mi si dokta. Nina genge Mbagala, nauza nyanya, vitunguu, mchicha, dagaa wa kupima kwa kopo na hizi bitiruti ambazo siku hizi kila mama anaziulizia. Haipiti wiki hajasimama mtu pale mezani, dada nipe bitiruti mbili mtoto kapimwa damu ndogo. Namuuzia, hela sikatai, ila nikimuuliza kapimwa ngapi hajui, kapimwa choo hapana, mkojo je hapana, chandarua analalia kimya. Baada ya mwezi karudi, bitiruti tena. Ndo nikaona niandike haya mambo yote mahali pamoja, maana na mimi nilishapita njia hiyohiyo na nikachoma hela nyingi sana kabla sijashtuka.

Wa kwangu alikuwa darasa la nne, miaka 10, mtoto asiyekamatika, ukimtuma dukani anaenda mbio anarudi mbio na chenji imedondoka njiani. Ghafla akawa mtu wa kukaa. Wenzie wanapiga chandimu yeye kakaa juu ya tofali anaangalia. Mwalimu akaandika kwenye daftari kwa wino mwekundu kwamba analala darasani na ni mvivu, na mimi kwa ujinga wangu nikamchapa, hilo mpaka leo linaniuma. Bibi yake akasema muacheni anakua huyo. Jirani akaenda mbali zaidi, akasema hii si bure, kuna mtu anamfanyia chuma ulete, ule uchawi wa kumnyonya mtu vyake kimyakimya. Basi famasi, sirapu ya kuongeza damu chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikakamua bitiruti, nikachemsha rozela mpaka sufuria ikabadilika rangi. Siku moja jioni natoka nyuma kumwaga maji nikamkuta anakwangua kwa kucha ukuta wa udongo wa banda la kuku, anatia mdomoni kidogokidogo, taratibu kabisa, kama mtu anayekula kashata. Nikamshika mkono, nikaweka kiganja chake karibu na cha kwangu. Cha kwangu kina wekundu wake, cha kwake kama kimeshinda kwenye maji ya kufulia. Kesho yake kupima HB, yaani kile kipimo cha wingi wa damu, 8.4. Na huyo ni mtoto wa chupa tatu za sirapu.

Sasa jirani alikuwa amekosea mchawi ila chuma, yale madini mwili unayotengenezea damu, kweli kilikuwa kinaibiwa, na mwizi tulimpata, nitafika huko.

Kitu cha kwanza ninachotaka ukielewe, damu ya mtoto ichukulie kama simtanki la nyumbani. Ukikuta limekauka kuna mambo matatu tu, ama maji yanayoingia hayatoshi, ama kuna sehemu inavuja, ama kuna kitu kinayaharibu humohumo ndani. Kutoingia kwa kutosha ni chakula, mwili hauna cha kutengenezea damu. Kuvuja ni minyoo ya safura, kichocho, hedhi kwa mabinti. Kuharibikia ndani ni malaria na siko seli, chembe nyekundu za damu zinavunjwa kabla ya muda wake. Ukiita boza lijaze tanki linalovuja utalipia boza kila wiki, na sirapu ndo boza lenyewe. Na ubaya wa watoto wetu mara nyingi si tundu moja, unakuta mtoto huyohuyo chakula hafifu, minyoo anayo, na malaria ilimpitia likizo.

Na usijione peke yako. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipokusanya takwimu za 1993 hadi 2005 likakuta karibu mtoto mmoja kati ya wanne wa umri wa shule duniani ana upungufu wa damu, asilimia 25.4, na mzigo mkubwa uko kwenye nchi kama zetu. Kwa wadogo hapa kwetu ni mbaya zaidi, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa chini ya miaka mitano wana damu pungufu. Hao ndo wanaokuja kuanza darasa la kwanza, wengi wanaingia geti la shule tayari tanki liko nusu.

Anza nyumbani, kwa macho. Mchana, nje, si kwenye taa. Vuta kope ya chini uangalie ile nyama ya ndani, inatakiwa iwe nyekundu, ikiwa imepauka sana hiyo ni dalili. Angalia ulimi, angalia viganja ukilinganisha na vya kwako, mradi na wewe uwe mzima, maana akina mama wengi wetu tunatembea na damu pungufu hatujui. Muulize kama akipanda ngazi moyo unamdunda, kama kichwa kinamuuma, kama anasikia kizunguzungu akisimama paredi ya asubuhi. Na hili la kula visivyoliwa usilichukulie kama utundu. Udongo, mchele mbichi, chaki, barafu, mkaa, mabinti wanakula sana mchele mbichi wanauficha kwenye mfuko wa sketi. Mara nyingi ni mwili unalia njaa ya chuma, na kibaya zaidi udongo wenyewe unaweza kuwa na mayai ya minyoo na unazuia hicho chuma kidogo alichokula kisiingie. Yaani mtoto anatafuta dawa anakula sumu.

Macho peke yake hayatoshi lakini. Upungufu wa kati huwezi kuuona, na mtoto anaweza kuwa na chuma kidogo mwilini HB ikiwa bado haijashuka, akawa mzito darasani hashiki kitu na wewe unaona yuko sawa tu. Kwa hiyo kapime.

Zahanati nyingi wanapima HB kwa kumchoma kidole, tone moja, majibu hapohapo. Omba namba, usikubali kuambiwa "damu ndogo" ukaondoka. Kwa mtoto wa miaka 5 hadi 11 inatakiwa isiwe chini ya 11.5, wa 12 hadi 14 isiwe chini ya 12, binti wa 15 kuendelea 12 hiyohiyo na mvulana wa umri huo 13. Chini ya 8 kwa mtoto wa shule ni kali, hiyo si ya kumaliza kwa bitiruti. Kama anahema kwa shida hata akiwa amekaa, kavimba miguu, anazimia au amelegea kabisa, usisubiri kesho, chukua bajaji nenda hospitali usiku huohuo. (Dar tuko usawa wa bahari kwa hiyo namba hizo unazisoma kama zilivyo, ndugu zetu wa Njombe na milimani huko HB zao huwa juu kidogo kwa sababu ya mwinuko, kwao wanapiga hesabu tofauti.)

Ukiweza, nenda mbele kidogo ufanye ile picha kamili ya damu, wenyewe wanaita FBP. Sio ya kila mtu najua, hela, ila ile inaonesha chembe nyekundu zikoje, zikiwa ndogo na zimepauka mara nyingi ni chuma hakipo, na inampa dokta pa kuanzia badala ya kubahatisha. Halafu choo, mkojo na malaria. Hivi vitatu ndo watu wanaruka na ndo humo mwizi anamojificha.

Kwenye choo mimi niliaibika. Nilibeba cha jana usiku nimekifunga vizuri kwenye kikopo, yule kijana wa maabara akafungua akaniangalia, mama hiki cha saa ngapi. Nikamwambia cha jana saa tatu. Akakirudisha. Kumbe mayai ya safura hayakai, yanaanguliwa, au kwenye kile kioo yanapotea ndani ya saa moja tu, wakichelewa kuangalia wanaandika hakuna na wewe unarudi nyumbani umefurahi bure. Peleka kibichi, cha asubuhi hiyohiyo. Na mkojo wa kichocho usiupeleke alfajiri, mayai yanatoka kwa wingi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, wengine wanamwambia mtoto akimbiekimbie kidogo kwanza. Mwambie akojoe mpaka mwisho, lile tone la mwisho ndo lenye damu.

Sasa matundu yenyewe.

Safura. Huyu ndo alikuwa mwizi wa nyumbani kwangu. Ni minyoo midogo, kama sentimita moja tu, huwezi kuiona kwenye choo kama ile mikubwa ya mviringo, ndo maana mzazi anasema mwanangu hana minyoo sijawahi kuiona. Haiingii kwa mdomo tu kama tulivyofundishwa, mara nyingi inapenya ngozi ya mguu, mtoto anatembea peku kwenye mchanga wenye unyevu, anawashwa katikati ya vidole siku mbili tatu, inakwenda na damu mpaka mapafuni, inakoholewa, inamezwa, inafika kwenye utumbo inauma na kuning'inia hapo inanyonya, na inaweza kukaa miaka. Tulipokuwa wadogo tulitishwa na mumiani kwamba wananyonya watu damu usiku, mumiani wa kweli ndo huyu.

Piga hesabu uone. Ziko aina mbili, ile kali inamtoa mtoto damu kama mililita 0.15 hadi 0.2 kwa siku kwa mnyoo mmoja, nyingine kama 0.03. Mtoto akiwa na minyoo mia ya ile kali hiyo ni kijiko kikubwa cha chakula cha damu, kila siku ya Mungu. Damu iliyokolea vizuri, kila mililita ina karibu nusu miligramu ya chuma, na mtoto kwa ugali na maharage yetu anafyonza kama miligramu moja tu ya chuma kwa siku nzima. Hata utumbo ukiokoa kidogo katika kile kinachomwagika, hapo bitiruti itafanya nini jamani.

Na Dar mazingira ndo yenyewe. Mchanga, joto, unyevu. Masika ikipiga, wapo watu wanatapisha vyoo usiku mvua ikinyesha, mnawajua na mi nawajua, yale maji yanapita uchochoroni, asubuhi watoto wanacheza humohumo peku. Wangu alikuwa anavua viatu anaviweka juu ya ukuta visichafuke, maana nilimtishia akivichafua atanijua. Yaani nililinda viatu nikauza mtoto.

Dawa yake si ghali, albendazole kidonge kimoja cha miligramu 400 au mebendazole ya 500. Shuleni huwa wanagawa, kwa hiyo ukisikia kesho kuna dawa za minyoo hakikisha mtoto kaenda. Wazazi wengi wanawazuia wakisikia watoto wanazimia, wanaozungumziwa hapo ni wa dawa ya kichocho, prazikwanteli, ambayo akimeza na njaa inamletea kizunguzungu na kutapika. Mpe chakula cha maana asubuhi hiyo, uji mzito na kiporo, si chai na andazi. Afu muulize kama kweli alimeza, maana wapo wanaoficha chini ya ulimi wanatemea nyuma ya choo. Kidonge kimoja hakiui wote kila mara, na akirudi kwenye mchanga uleule anajaza upya, kwa hiyo viatu, hata kandambili, na choo kifunikwe.

Kichocho kwa mtoto wa mjini watu wanabisha, wanasema hiyo ya kanda ya ziwa. Mtoto anayeogelea kwenye mabwawa na madimbwi ya mabondeni, au aliyeenda likizo akashinda ziwani au mtoni, muulize mkojo wake wa mwisho una rangi gani, na usimuulize mbele za watu. Wavulana wengine wanaona kukojoa damu ni kawaida ya kukua, wanacheka, hawasemi. Tiba ni hiyo prazikwanteli, wanampima kwa uzito au urefu.

Malaria. Kwa kweli Dar si kama Kigoma, Geita au Mtwara, na si kama ilivyokuwa zamani, lakini mtoto anaenda kwa bibi Desemba anarudi Januari nayo. Wadudu wanaingia ndani ya chembe nyekundu wanazipasua, na hata homa ikiisha damu inachukua wiki kadhaa kurudi, wapo pia watoto wakubwa wanaotembea na vimelea hawana hata homa. Kitu ninachokiona kwenye nyumba zetu, chandarua ni cha kitanda cha mama na mtoto mchanga, hawa wa shule wanatandikiwa godoro sebuleni, watatu, hawana neti, mlango unafungwa saa nne mbu washaingia saa kumi na mbili. Pigilia misumari miwili mitatu ukutani neti ishuke mpaka chini ya godoro, asubuhi unaikunja juu, hakuna fundi hapo. Ile ya kipimo cha haraka, ukipima tena wiki moja baada ya kumaliza dozi inaweza bado kuonesha ipo wakati wadudu wameshakufa, usirudie dozi kwa hicho peke yake, omba wakaangalie kwa hadubini.

Mabinti. Darasa la sita la saba huko anaanza siku zake na ndo umri anaorefuka kwa kasi, mwili unahitaji chuma mara mbili. Akienda zaidi ya siku saba, au anabadilisha pedi kila saa moja au mbili, au yanatoka mabonge, hiyo si "kila mtu na damu yake", hiyo mpeleke. Baba anayelea mwenyewe, muombe shangazi au dada amuulize, atamjibu.

Selimundu, au siko seli kama wengi tunavyosema, hii lazima uijue kabla ya sirapu yoyote. Tanzania ni kati ya nchi zinazoongoza duniani, inakadiriwa watoto kama 11,000 wanazaliwa nayo kila mwaka. Mtoto ana macho ya njano yanakuja yanaenda, mifupa inamuuma hasa baridi, alipokuwa mchanga vidole vilivimba, kalazwa mara nyingi, na damu yake haijawahi kukaa juu. Huyu chuma si shida yake kwa kawaida, chembe zake zinavunjika na kile chuma kinabaki mwilini, akiongezewa damu mara kwa mara kinarundikana, kwa hiyo kumjaza chuma bila kipimo unaweza kumdhuru, yeye anapewa foliki asidi, vitamini ya kusaidia kutengeneza damu, na kliniki yake maalum, Muhimbili ipo na hospitali za mikoa wanajua pa kumuelekeza. Ukiambiwa ana vinasaba vya upande mmoja tu huyo si mgonjwa, usianze kumtafutia sababu huko, tafuta kwingine.

Yapo na mengine, VVU, kifua kikuu, figo, upungufu wa vitamini A na B12, kansa za damu mara chache. Haya ya hospitali. Kama mmefanya yote na damu haipandi, au inashuka na ana michubuko na homa zisizoisha, usiendelee kubembeleza dukani.

Sasa chakula, na hapa ndo kazini kwangu.

Bitiruti niliyouza miaka yote hii ina chuma kidogo sana, ni rangi tu ndo imetuteka, nyekundu kama damu bas tukaona ni damu. Rozela afadhali kidogo kwa sababu ina ukakasi wa vitamini C unaosaidia kufyonza chuma cha chakula kingine, lakini ukiijaza sukari nusu kilo na kuinywa peke yake saa tisa mchana, umekunywa sharubati. Mchicha, matembele, kisamvu, vina chuma ila kimefungwa, mwili unapata kidogo. Chuma kinachoingia kirahisi ni cha nyama, samaki na vya ndani. Na hapa maskini ana bahati ambayo haijui, nenda buchani mapema uulizie bandama, wengi wanawapa paka, ina chuma kuliko hata maini, mara kadhaa zaidi, na bei yake mpaka unaona aibu. Ikatekate, ichemshe na tangawizi, ikaange na nyanya na pilipili hoho, mtoto hajui kama ni bandama ukinyamaza. Maini ya kuku, dagaa, hivyohivyo. Nyama hata kidogo ikikaa sahani moja na maharage au mchicha inasaidia na chuma cha mboga kiingie, kwa hiyo ile tabia ya kumaliza nyama yote Jumapili afu Jumatatu mpaka Jumamosi maharage matupu, bora uigawe vipande vidogo wiki nzima.

Mboga ikamulie ndimu. Tunda liwe pamoja na chakula, chungwa, pera, embe, hata lile embe bichi la pilipili wanalonunua getini shuleni lina faida yake. Mapera hasa, yana vitamini C kuliko machungwa na msimu wake yanaoza sokoni. Maharage na choroko loweka usiku mwaga yale maji.

Na chai. Jamani chai. Hii ndo iliyokuwa tundu la pili kwangu. Asubuhi chai ya rangi na andazi, usiku wali maharage na chai ya rangi tena kwa sababu eti bila chai hajashiba. Chai inakishika chuma cha maharage na mboga kisiingie, ukimpa palepale mezani umepoteza sehemu kubwa ya kile kidogo kilichokuwepo. Kama lazima anywe iwe saa moja au mbili baada ya kula. Maziwa pia usimpe na dawa ya chuma. Asubuhi uji wa ulezi au wa unga ulioongezwa virutubishi ni bora mara kumi. Serikali iliweka kanuni 2011 kwamba unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani uongezwe virutubishi, chuma na foliki humo, angalia maandishi kwenye mfuko. Sembe ya mashine ya mtaani unayosaga mwenyewe haina, na ile iliyokobolewa nyeupe pee ndo kabisa.

Ile mia tano ya shule nayo tusijidanganye, inaishia kwenye mihogo ya kukaanga na barafu za rangi. Siwezi kumfuata getini. Nilichofanya namfungia karanga na dagaa wa kukaanga mkavu kwenye kimfuko, mwanzoni aliona aibu, sa hivi wenzie wanamuomba.

Dawa ya chuma sasa, ukishajua kwamba chuma ndo hakipo. Usome lebo. Zile chupa zangu tatu, niliposoma vizuri maandishi madogo, chuma kilikuwa kidogo mno kwa kijiko kimoja, vilivyojaa ni vitamini na sukari na picha ya mtoto anacheka. Kwa matibabu dokta anakadiria kama miligramu 3 za chuma chenyewe kwa kila kilo ya mtoto kwa siku, kwa hiyo muulize hiyo sirapu kijiko kimoja kina chuma chenyewe miligramu ngapi, si uzito wa ile chumvi yake, mfano kidonge cha feras salfeti cha 200 kina chuma kama 65 tu. Akadirie yeye, usikadirie wewe. Mpe na maji ya chungwa, tumbo likiwa halijajaa, likimsumbua basi baada ya chakula kidogo. Choo kitakuwa cheusi, usipige kelele, ni dawa. Sirapu inatia meno weusi, anywe kwa mrija asukutue. Na ifiche juu kabisa, ile tamu yake mtoto wa miaka miwili akinywa chupa nzima inaweza kumuua, kweli, ni sumu kali kwa wadogo.

Usiwape na wadogo zake kwa sababu tu ipo nyumbani. Hapo Pemba, utafiti mkubwa uliotoka 2006 watoto wadogo waliopewa chuma na foliki bila kuchagua, kwenye malaria nyingi, walilazwa au kufa zaidi kuliko ambao hawakupewa, mpaka taratibu za dunia zikabadilishwa. Chuma si peremende. Kwenye malaria kinaenda pamoja na kinga na matibabu ya malaria.

Na ya kuongezewa damu, wapo wazazi wanalazimisha wakisikia HB 7. WHO wanashauri hiyo iwe kwa mtoto aliye chini ya 4, au kati ya 4 na 6 akiwa na dalili za hatari. HB ikiwa juu ya hapo, damu ya benki iachiwe anayekufa, wa kwako atapanda kwa dawa.

Rudi upime baada ya mwezi. Kama tundu limezibwa na dawa anakunywa inapanda moja au zaidi, wa kwangu ilitoka 8.4 ikafika 9.9, wiki nne. Hapo ndo watu wanaacha, mtoto kachangamka, sirapu inasahaulika kwenye friji. Endelea kama miezi mitatu baada ya namba kukaa sawa, hiyo ni ya kujaza akiba, na akiba ndo inayomvusha kwenye malaria ijayo. Kama mwezi umepita na haijapanda kabisa, kabla ya kuongeza dozi uliza kwanza kama anakunywa kweli, afu rudi kwenye choo na mkojo.

Kwa mwalimu nilienda na karatasi ya majibu. Sikugombana, nilimuonesha tu, akaisoma muda mrefu akaniambia mama kwenye darasa hili nadhani wapo wengine kama watano. Tukawataja. Wawili mama zao ni wateja wangu wa bitiruti.

Kipimo cha mwisho 12.1. Jana kavunja dirisha la jirani yuleyule wa chuma ulete, kwa chandimu, nimelipa kioo. Chai bado ananiibia usiku nikiwa nafunga genge, nakuta kikombe kimeloweka sukari chini.